Fildi ya hospitali kwa Kihispania: jinsi ya kujipanga kwenda Guatemala

Kila mwaka wodi zetu hupokea wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani. Aliyesoma Moshi, Dar au Eldoret anawajua: koti jeupe jipya, daftari dogo mfukoni, "habari" na "pole" walizojifunza juzi, na simu ambayo wakati mwingine hutoka kupiga picha pasipotakiwa. Mwongozo huu ni wa siku ambayo mgeni huyo ni wewe, na lugha usiyoijua ni Kihispania.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasomea uuguzi Texas, ambako usipojua Kihispania nusu ya wodi inakupita. Nilikaa Guatemala wiki 8: tatu Antigua, tano Quetzaltenango. Huo mji wa pili wenyeji wanauita Xela, na linatamkwa Shela, kama ile Shela ya Lamu, ila bahari hakuna na usiku baridi inauma. Wengine huchagua Ekuador, Peru, Kosta Rika au Meksiko, na mengi nitakayosema yanafaa huko pia. Guatemala ninaitetea kwa sababu moja kubwa: shule zake za Kihispania hufundisha mwanafunzi mmoja kwa mwalimu mmoja, hukuweka kwenye familia, na nyingi zina mawasiliano na zahanati za karibu. Lugha, kitanda na fildi unavipanga kwa barua moja.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kama nani

Kabla ya kutafuta tiketi, kaa na mratibu wa mafunzo wa chuo chako muandike mambo matatu: uko mwaka wa ngapi, unaruhusiwa kufanya nini kwa mikono yako hapo chuoni, na nani atasaini saa zako. Karatasi hiyo ndiyo mpaka wako. Kama kwenu hujaruhusiwa kushona kidonda, Guatemala pia hujaruhusiwa. Mgonjwa kuwa maskini hakukupi leseni.

Nasema hivi kwa ukali kwa sababu kuna mashirika yanayouza safari kwa ahadi ya "utazalisha", "utashona", "utachoma sindano", na yanamwambia hivyo hata kijana ambaye hajaanza masomo ya udaktari. Mwaka 2011 chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, kilitoa mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda nje kikisema waziwazi kwamba wasivuke kiwango chao cha mafunzo. Shule zinazopokea maombi ya udaktari hazivutiwi na picha yako ukiwa umeshika mkasi wa kukata kitovu. Zinaogopa.

Kwa hiyo, ukiandikia programu, uliza hivi. Nani atanisimamia, na ana leseni ya nchini? Yupo chumbani muda wote au anapita tu? Kiasi gani cha ada yangu kinafika kwenye kliniki? Mnataka niwe na kiwango gani cha Kihispania kabla ya kuonana na wagonjwa? Wakijibu la mwisho kwa "usijali, utajifunza hukohuko", jali.

Hatua ya 2: Anza miezi 6 kabla

Miezi hiyo inadaiwa na chanjo. Ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Mwanafunzi wa afya anayekwenda kushika sindano za watu asiende bila hiyo. Ongeza homa ya ini A, taifodi, pepopunda na surua, na upime kifua kikuu kabla ya kuondoka ili ukirudi ujue kilichokuwepo na kilichoongezeka.

Kadi ya njano ni muhimu kuliko unavyodhani. Guatemala hudai chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo-Kinshasa zinahesabika humo. Ichomwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, haiishi baada ya miaka 10 kama zamani, kwa hiyo akikwambia mtu "imeexpaya" kwa sababu ya mwaka ulioandikwa, mwelekeze kwenye kanuni mpya za Shirika la Afya Duniani.

Halafu njia. Hapa ndipo watu wetu hukwama, na wala si Guatemala inayowakwamisha. Marekani haina eneo la kupita tu: hata ukikaa saa mbili Houston unabadilisha ndege, kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo unahitaji viza. Ukipitia Madrid, mwenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa au Somalia anatakiwa viza ya uwanjani hata kama hatoki nje ya mlango. Viza ya Guatemala yenyewe iulizie ubalozini mapema, na usikubali kujibiwa na wakala wa tiketi.

Jambo moja la siku za kukaa: Guatemala, El Salvador, Honduras na Nikaragua zimeungana kwenye mkataba wa CA-4, na siku zinahesabiwa kwa pamoja. Ukidhani utavuka El Salvador wikiendi moja urudi na siku mpya 90, utakuwa umejidanganya.

Bima: iwe na matibabu, kusafirishwa ukiumia vibaya, na dhima ya kitaaluma, yaani ukimdhuru mgonjwa kwa kosa la kazi. Uliza pia dawa za kinga ya VVU baada ya kujichoma sindano zitapatikana wapi. Zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na zimezwe siku 28, na usiku wa tukio si wakati wa kuanza kuulizia.

Hatua ya 3: Jifunze Kihispania ukitokea Kiswahili

Hapa nitakaa, maana ndipo nilipopoteza muda. Miezi miwili ya kwanza nilisoma kwa kitabu cha Kiingereza, na kila kitu kilionekana kigeni. Siku moja mwalimu wangu wa Antigua aliandika ubaoni: *Me duele la cabeza*. Kitabu kilikuwa kimetumia kurasa tatu kueleza kwa nini Kihispania "hugeuza" sentensi. Nikaitazama nikacheka peke yangu. Kichwa kinaniuma. Hakuna kilichogeuzwa. Kichwa ndicho kinachotenda, mimi ndiye ninayetendwa. Na *me duelen los ojos* je? Macho yananiuma: kitenzi kimebadilika kwa sababu macho ni mengi. Mtu aliyekua na ngeli haelezwi hilo mara mbili.

Kuanzia siku ile nilifunga kitabu cha Kiingereza. Tazama: *tengo hambre*, nina njaa. *Tengo sed*, nina kiu. *Tengo sueño*, nina usingizi. *Tengo miedo*, nina hofu. *¿Cuántos años tiene?* Una miaka mingapi? Mgonjwa wa kisukari atakwambia *tengo azúcar*, kama yule wa Tanga anavyosema "nina sukari", na *presión* ni presha ileile. Kidole cha mkono na cha mguu vyote ni *dedo*. Irabu ni tano zetu, a e i o u, hazibadiliki. Mkazo kwenye maneno mengi uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. *Ñ* ni ny, *qu* ni k, *h* haisomwi, na *j* isome kama kh ya "kheri" ikitoka kwa mzee wa Pwani, ila laini kidogo.

Kuna na udugu wa zamani. Waarabu walikaa Uhispania karne nyingi kama walivyofanya biashara Pwani yetu, na wameacha nyayo pande zote mbili. *Hasta mañana*: hiyo *hasta* ni "hata" yetu. *Azúcar* ni sukari, *aceituna* ni zeituni, na *jarabe*, dawa ya maji ya kikohozi, ina mzizi mmoja na sharubati. *Mesa* ni meza, tuliyoipata kwa Wareno. Ukiyakusanya unajikuta na akiba kabla hujalipa ada.

Sasa mitego, na miwili kati yake ni ya kwetu hasa.

Mtego wa kwanza ni mguu na mkono. Sisi mguu ni kuanzia nyonga hadi kucha. Wao *pie* ni sehemu inayovaa kiatu, *pierna* ni inayobaki. *Mano* ni kiganja na vidole, *brazo* ni sehemu inayobaki hadi begani. Ukiandika *pie* wakati jeraha liko gotini, mwenzako wa zamu atatafuta kidonda mahali pasipo.

Wa pili ni saa. Siku ya nne kliniki niliambiwa nimwelekeze mama mmoja arudi kesho yake asubuhi kubadilishwa bandeji. Kichwani nikasema "saa tatu", mdomoni ikatoka *a las tres*. Kesho yake saa tatu asubuhi hayupo. Nikadhani amepuuza. Akafika saa tisa alasiri, na mtoto mgongoni, ameshuka mlima kwa miguu, chumba cha vidonda kimefungwa. Hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi akafunua kitambaa kuonyesha kidonda, akasema *usted me dijo a las tres*, wewe uliniambia *tres*, ambayo kwao ni saa tisa yetu. Nesi alifungua chumba tena kwa ajili yangu. Tangu siku ile kila muda niliuandika kwa tarakimu na kuchora jua au mwezi pembeni, *9:00 de la mañana*, kisha nikamwomba mgonjwa anisomee au anirudie. Kwenye dawa fanya hivyo bila kukosa.

Mitego mingine inawanasa wanaotokea Kiingereza, na wengi wetu tumepitia huko. *Embarazada* ni mjamzito, haina uhusiano na aibu. *Once* ni kumi na moja, si "mara moja" ya Kiingereza. Kuna hatari ya kweli mtu akiandika maelekezo ya dawa kwa lugha mbili zilizochanganyika. *Intoxicado* ni aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Florida, mwaka 1980, familia ilitumia neno hilo kwa kijana wa miaka 18 aliyezimia. Hospitali ikaelewa amezidisha dawa za kulevya, kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alipooza mikono na miguu, na kesi ikaisha kwa malipo ya takriban dola milioni 71. Neno moja tu.

Lenga angalau uweze kujitambulisha, kuuliza na kuelewa majibu mafupi kabla hujaondoka. Hizi nilizikariri kwenye basi: *Soy estudiante de enfermería*, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. *¿Me permite?* Naweza? *¿Dónde le duele?* Wapi panauma? *¿Desde cuándo?* Tangu lini? *Respire hondo*, vuta pumzi ndefu. *¿Es alérgico a alguna medicina?* Kuna dawa inayokudhuru? Na ile iliyoniokoa kuliko zote: *No entendí, voy a llamar a la enfermera*. Sikuelewa, ngoja nimwite nesi. Homa mara nyingi utaisikia ikiitwa *calentura*, si *fiebre*, kwa hiyo jifunze majina ya mtaani pamoja na ya kitabu.

Hatua ya 4: Panga wiki zako

Programu nyingi zitakupangia darasa asubuhi na kliniki mchana. Kataa kwa adabu. *Puesto de salud*, ambayo ni zahanati yao, na *centro de salud*, kituo cha afya, hujaa alfajiri kama zetu, na kufika mchana benchi zimebaki tupu na wewe unahesabu glavu. Omba kliniki asubuhi, darasa mchana. Mwalimu wako wa mchana atakuwa mzuri zaidi pia, kwa sababu utamletea maneno uliyoyakosa asubuhi hiyo: mimi nilikuwa naingia na orodha ya maneno kumi kiganjani.

Anza Antigua wiki mbili au tatu bila mgonjwa hata mmoja, lugha tu, saa nne kwa siku. Iko kama mita 1,500 juu ya bahari, chini kidogo ya Nairobi, hali ya hewa ni rafiki. Lakini wageni ni wengi mno na kila muuza kahawa atakujibu Kiingereza. Kisha panda Xela, mita 2,330, ambako hakuna wa kukubembeleza. Mtu wa Dar achukue sweta mbili na soksi nzito. Mvua ni Mei hadi Oktoba.

Hatua ya 5: Ndani ya kliniki

Tumia *usted*, "wewe" ya heshima, kwa kila mgonjwa, hata kijana. Mtaani utasikia *vos*, nayo ni ya marafiki. Usiibebe kuingia nayo chumba cha mgonjwa. Mtu mzima ni *doña* au *don* na jina lake la kwanza, kama Bi Mwanaidi au Mzee Juma. Salamu kwanza, *buenos días* kwa benchi lote, si kwa mmoja. Aliyelelewa kwa shikamoo hana haja ya kufundishwa kwamba huanzi na "unaumwa nini". *Con permiso* ni hodi yao: iseme ukiingia, ukipita mbele ya mtu, na kabla ya kugusa.

Kisha kubali kwamba Kihispania chako, hata kikinyooka, hakitatosha. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, na vijiji vinavyozunguka Xela vinasema Kik'iche' na Kimam. Bibi anayekaa mbele yako huenda Kihispania kwake ni lugha ya pili kama kilivyo kwako. Umewahi kumwona mzee wa Kisukuma au Kimaasai anavyojibu "ndiyo" kwa kila swali la daktari anayesema Kiswahili? Ni "ndiyo" hiyohiyo, *sí, sí*, na maana yake ni kwamba hakuelewa na anakustahi. Mwombe akueleze kwa maneno yake namna atakavyomeza dawa. Jifunze *maltyox*, asante ya Kik'iche'. Neno moja hilo lilinifungulia nyuso nyingi kuliko vitenzi vyote vya Antigua.

Utasikia *susto*, mtu aliyeugua kwa kushtuka, na *mal de ojo*, ambalo Pwani tunaliita jicho la hasidi. Watoto huvalishwa kitu chekundu mkononi kulikinga. Usitabasamu pembeni; sisi tunapaka wanja kwenye paji la uso na kufunga hirizi. Uliza tu wameshafanya nini nyumbani na wamempa nini cha kunywa, uandike. Na mkunga wa jadi, *comadrona*, akimsindikiza mjamzito, msalimu yeye mapema. Akikukubali, mjamzito atakueleza mambo.

Kwenye chumba cha kupima watoto niliona mtoto wa kike akisimama kwenye mizani, nikamkadiria miaka miwili nikaanza kuandika. Mama akanigusa mkono: *cuatro*. Nne. Utafiti wa kitaifa wa 2014–2015 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini humo wamedumaa, na nilikuwa nimeisoma takwimu hiyo nikaijibia mtihani. Umri uliza, usikisie kwa macho.

Soma pia ugonjwa ambao kwetu haupo: Chagas. Kimelea chake ni ndugu wa kile cha malale, lakini hakibebwi na mbung'o. Hubebwa na kunguni mkubwa wa kuta za udongo, *chinche picuda*, na kimelea hicho kinaweza kuuharibu moyo miaka mingi baadaye.

Picha: hapana. Hata akikubali. Kumbuka zile simu za wodi zetu.

Hatua ya 6: Nyumbani kwa familia

Hiki ndicho chuo cha jioni, msijifungie na simu. Kula mezani nao, maharage meusi na tortilla, na siku nyingine *tamalitos*, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, ambao mla ugali ataufurahia. Mtu akipita mnapokula atasema *buen provecho*, nanyi mnajibu *gracias*. Ni "karibu" yetu iliyogeuzwa upande. Mama wa nyumba yangu alinisahihisha kila kosa huku anageuza tortilla kwa vidole vitupu. Mweleze ulichokiona kliniki bila kutaja mtu wala kijiji: mji mdogo huo, atamjua.

Hatua ya 7: Kabla ya kuondoka na baada ya kurudi

Saa zako zisainiwe na kupigwa mhuri wiki ya mwisho ukiwa bado unakutana na msimamizi uso kwa uso. Mimi niliacha karatasi moja "watanitumia", nikaifuatilia miezi miwili. Omba barua itaje ulichofanya kwa vitenzi vya kweli: alitazama, alipima presha na uzito, alisaidia kutafsiri salamu. Andika hivyohivyo kwenye wasifu wako.

Kama unasoma Marekani, ukirudi usijitangaze mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutumia wakalimani waliohitimu, na wiki 8 hazikuhitimishi. Salamu, pole, "wapi panauma" na kumtuliza mtu hadi mkalimani aingie, hizo ni zako kihalali. Rudia kipimo cha kifua kikuu wiki ya 8 hadi ya 10 baada ya kutoka. Mapema kuliko hapo kinaweza kusema huna wakati unacho.